Misuli ya Mabega na Maumivu Yahamayo

Ikonda ni mahali katika milima ya Ukinga, wilaya ya Makete, upande wa magharibi wa Njombe. Nchi hiyo imeinuka zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na baridi yake ya mwezi wa Juni na Julai yajulikana na kila mtu aliyepata kulala huko bila blanketi la pili. Vijia vyake hupanda na kushuka siku zote. Shamba liko ng'ambo ya bonde, na kuni ziko ng'ambo ya shamba. Kwa hiyo watu wa huko huchukua vitu vingi kwa miili yao wenyewe. Mwanamke hutoka msituni na tita la kuni kichwani na mtoto mgongoni. Wanaume hupasua mbao. Vijana hubeba magunia ya viazi mpaka mahali ambapo gari laweza kufika. Tangu miaka ya 1960 iko pia hospitali iliyojengwa na Wamisionari wa Consolata, nayo hupokea wagonjwa watokao karibu na watokao mbali.

Mtu afanyaye kazi za namna hii kwa muda mrefu huja akaona jambo la ajabu. Alibeba gunia kwa bega, lakini panapouma ni mkono, chini karibu na kiwiko. Au shingo yake ilichoka kwa mzigo, lakini maumivu yako juu ya jicho. Basi hupaka dawa juu ya jicho, hujifunga kitambaa kichwani, au humwomba mtu amchanje chale katika paji la uso. Kipandauso hakiondoki, kwa sababu kosa halikuwako usoni. Wengine husema kwamba mdudu anatembea ndani ya mwili. Mdudu hayuko. Lakini ni kweli kabisa kwamba maumivu yaweza kuzaliwa mahali pamoja yakasikika mahali pengine. Mara nyingi jambo hili ni dogo, lapona kwa kidole gumba na kitambaa cha moto. Mara nyingine ni jambo la kufa na kupona, na mtu asiyejua tofauti yake aweza kusugua bega lake huku damu inamvuja tumboni.

Ili kulielewa, lazima kwanza kujua misuli ni kitu gani. Kila mwanafunzi ameiona, maana nyama ya paja la mbuzi si kitu kingine ila misuli yake. Nyama hiyo ikichemshwa sana hupasuka kwa urefu, ikawa nyuzi nyuzi, na kila uzi ni kifungu cha nyuzi nyingine nyembamba kuliko unywele. Kuelekea ncha zake msuli hugeuka kuwa kano, ile kamba nyeupe ngumu ambayo hata mbwa huitafuna kwa shida. Kano imeshikamana na mfupa. Katika mwili wa mtu iko misuli zaidi ya 600, na nusu yake ya juu, yaani kichwa, shingo, mabega na mikono, ina sehemu kubwa ya hiyo.

Msuli wajua kazi moja tu, nayo ni kuvuta kwa kujifupisha. Hauwezi kusukuma hata kidogo. Hata watu wasukumao gari lililokwama katika matope ya Makete, misuli yao yavuta mifupa, na ni mifupa inayosukuma. Kwa hiyo misuli mingi imewekwa miwili miwili, mmoja wa kukunja na mmoja wa kukunjua. Mtoto akiweka mkono wa kushoto juu ya mkono wake wa kulia, kati ya bega na kiwiko, kisha akainua ndoo ya maji, atasikia msuli wa mbele ukivimba na kuwa mgumu. Akisukuma meza kwa kiganja, ule wa mbele hulegea na wa nyuma ndio unaokaza.

Bega ni kiungo cha namna ya peke yake. Nyonga imefungwa imara katika mifupa ya kiuno, lakini mfupa mpana wa nyuma ya bega, uitwao kombe la bega, haukufungwa hivyo. Mfupa mmoja tu waliunganisha na kifua, nao ni mtulinga, ule mwembamba upitao chini ya shingo kwa mbele. Zaidi ya hapo kombe lashikwa na misuli zaidi ya kumi, kama hema lishikwavyo na kamba zake. Ndiyo sababu mkono wa mtu waweza kufika karibu kila mahali: juu, nyuma, na hata kujikuna katikati ya mgongo. Lakini hema lishikwalo na kamba huzichosha kamba, na misuli ya mabega haipati kupumzika ila mtu anapolala.

Mkubwa katika hiyo ni ule ambao mabingwa huuita trapezi, kwa neno la Kigiriki lenye maana ya meza ndogo, kwa sababu msuli wa kulia na wa kushoto pamoja hufanya umbo la pembe nne. Waanza kisogoni, washuka katikati ya mgongo mpaka mwisho wa mbavu, na kutoka huko wakusanyika kuelekea ncha ya bega. Mtu akilishika bega la mwenzake kwa vidole, karibu na shingo, kile kipande kinene anachokishika ni sehemu yake ya juu. Chini yake umo mwingine mwembamba, utokao katika pingili nne za juu za shingo mpaka pembe ya juu ya kombe la bega. Huu ndio unaokaza usiku, na mtu akaamka asubuhi hawezi kugeuza uso ila ageuke mwili mzima. Ubavuni mwa shingo uko wa tatu. Mwanafunzi akigeuza uso kushoto, kamba huinuka upande wa kulia wa shingo yake, kutoka nyuma ya sikio mpaka mfupa wa kifua na mtulinga. Na juu ya kombe lenyewe, chini ya ukingo wake, umelala msuli wa kazi ya siri: huushika mpira wa mfupa wa mkono usitoke katika kikombe chake. Huo wastahili kukumbukwa, maana utatajwa tena.

Basi misuli hii huchokaje? Kazi ya kukaza na kulegea, kukaza na kulegea, haiidhuru upesi. Kila unapolegea, damu mpya huingia na taka hutoka. Msuli uliokazwa bila kulegea huibana mishipa yake ya damu, na damu haipiti vema. Jambo hili lajaribiwa kwa urahisi. Mtoto ainue ndoo iliyojaa nusu na kuishusha, ainue na kuishusha, ataweza kwa muda. Kisha aishike ndoo ile ile huku amekunja kiwiko, bila kuisogeza, na kabla ya muda mrefu mkono utawaka moto. Ndoo haikuongezwa uzito. Kilichopungua ni damu.

Kichwa cha mtu mzima chapata kilo 4 au 5. Kikisimama sawa juu ya pingili za shingo, misuli haipati kazi kubwa. Kikiinama mbele, awe mtu anatazama kitabu, cherehani, au simu yake, misuli ya ukosi hukishika kama mtu ashikavyo ndoo ile bila kuishusha. Kwa hiyo si ajabu kwamba fundi wa kushona, ambaye hakubeba hata debe moja la maji, huumwa shingo sawasawa na mchukuzi.

Juu ya kuchukua mizigo kichwani yako mambo ya kupendeza. Mwaka wa 1986 wataalamu waliowapima wanawake wa Kijaluo na wa Kikikuyu katika nchi ya Kenya walitangaza habari iliyowashangaza watu wengi. Wajaluo walichukua mzigo kichwani, na Wakikuyu kwa mkanda upitao kwenye paji la uso. Mwanamke aliyezoea aliweza kuchukua mzigo uliotimiza sehemu moja katika tano ya uzito wake, bila kutumia hewa zaidi kuliko kama angetembea mikono mitupu. Yaani mwanamke wa kilo 60 alichukua kilo 12 kana kwamba hana kitu. Mzigo ukizidi hapo, taabu nayo huzidi. Habari hii ni ya kweli, lakini isifahamike vibaya, maana waliopima walipima pumzi, hawakupima shingo. Mwanamke aweza kupanda mlima bila kuhema na huku misuli ya ukosi wake imekaza kama kamba ya mtego toka msituni mpaka nyumbani. Na kilo 12 ni kidogo. Wapagazi wa Kinyamwezi wa karne ya 19 walitoka Tabora mpaka Bagamoyo na mizigo ya frasila mbili hivi, zaidi ya kilo 30. Siku hizi gunia la viazi la lumbesa, lile lililoshonewa kichwa juu ya mdomo wake, hupita kipimo halali cha kilo 100, na bado huinuliwa mabegani mwa watu na kupakiwa garini. Mnunuzi hupata faida ya kile kichwa cha gunia. Anayekilipia ni mkulima, na baada yake bega la mpakiaji.

Katika msuli uliochoshwa hivyo, vidole vya mtu ajuaye kupapasa huweza kukuta uzi mgumu, kama kamba ndani ya nyama laini, na katika uzi huo kifundo kidogo, pengine kama punje ya njegere. Kikibonyezwa, mgonjwa hushtuka na kuruka. Jambo kubwa ni lile linalofuata. Mara nyingine hushika mahali pengine kabisa, mbali na kidole kibonyezacho, akasema, "Ndiyo hayo! Hayo ndiyo maumivu yangu!" Kifundo kiko juu ya kombe la bega, naye ameshika mkono. Kifundo kiko begani karibu na shingo, naye ameshika kipaji chake.

Je, mgonjwa huyo anadhani tu? Swali hili lilijibiwa London, na daktari kijana aitwaye J. H. Kellgren, ambaye mwaka wa 1938 alitangaza majaribio yake. Alichukua maji ya chumvi makali, akayatia kwa sindano, matone machache tu, ndani ya misuli ya watu wazima wasio na ugonjwa wo wote. Yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao. Maji yale hayadhuru, ila huuma kwa dakika chache kisha huisha. Kila mmoja aliulizwa anasikia wapi. Hawakuonyesha mahali pa sindano peke yake. Sindano ilipoingia katika misuli ya bega, maumivu yalishuka mkononi. Ilipoingia katika matako, yalishuka mguuni. Wala hayakwenda ovyo, kwa maana msuli ule ule ulipeleka maumivu yake karibu njia ile ile kwa watu mbalimbali. Basi ilikuwa wazi kwamba maumivu yana njia, na njia yaweza kuchorwa.

Sababu yake imo katika uti wa mgongo, na mfano wake uko Makambako. Hapo barabara itokayo Songea na Njombe hukutana na barabara kuu itokayo Tunduma na Mbeya, na kutoka hapo huwa barabara moja, kwenda Mafinga, Iringa, na Dar es Salaam. Mtu akikaa Mafinga akaona gari la viazi linatoka upande wa Makambako, hawezi kujua kwa kuitazama barabara kama gari lilipakiwa Makete au Mbeya. Atakisia kwa mazoea. Kama magari mengi aliyoyaona maisha yake yote yalitoka Mbeya, atasema, "Limetoka Mbeya," na siku nyingine atakosa.

Ubongo ni kama mtu huyo wa Mafinga. Habari za maumivu hupelekwa na mishipa ya fahamu, ambayo ni myeupe na membamba, wala haichukui damu. Mishipa itokayo katika ule msuli wa juu ya kombe la bega, na mishipa itokayo katika upande wa nje wa mkono, huingia katika uti wa mgongo mahali pamoja, karibu na pingili ya tano na ya sita ya shingo. Hapo habari zao hukutana na kupanda pamoja. Ubongo hupokea neno "maumivu", lakini haupati hakika ya mahali yalipotoka. Mkono umezoea kuleta habari kila siku, maana huungua, hukatwa, huchomwa na miiba, lakini kombe la bega huleta habari mara chache. Kwa hiyo ubongo husema, "Ni mkono." Mgonjwa hasemi uongo wala hana wazimu. Asikia kweli maumivu katika mkono, ila mkono ni mzima.

Aliyetumia miaka mingi kuchora njia hizo alikuwa daktari wa Marekani, bibi Janet Travell, aliyezaliwa mwaka wa 1901 na kufa mwaka wa 1997. Mwaka wa 1961 Rais Kennedy, aliyeteswa sana na maumivu ya mgongo, alimfanya kuwa daktari wake, na hakuna mwanamke aliyepata kushika kazi hiyo kwa rais wa nchi ile kabla yake. Mwaka wa 1983, pamoja na mwenzake David Simons, alitoa kitabu kikubwa chenye picha za misuli ya nusu ya juu ya mwili, kila msuli na mahali upelekapo maumivu yake. Sehemu ya juu ya trapezi huyapeleka ubavuni mwa shingo mpaka kipajini. Kamba ile ya ubavuni mwa shingo huyapeleka kwenye paji la uso, kuzunguka jicho, na sikioni. Misuli ya ubavuni mwa shingo iliyo ndani zaidi huyapeleka kifuani na mkononi mpaka kidole gumba, na kwa kuwa mishipa ya fahamu ya mkono hupita katikati ya misuli hiyo, huweza pia kuibana na kuufanya mkono ufe ganzi. Msuli wa taya, ule unaovimba mtu anapotafuna, huyapeleka katika meno. Mambo haya ya meno si ya kucheka, maana jino likisha kung'olewa halirudi, na mtu huweza kupoteza magego mawili mazima kwa sababu ya msuli wa taya uliokaza.

Yafaa kusema wazi kwamba madaktari hawajapatana juu ya vifundo hivi. Wako wasemao kwamba ni mahali ambapo nyuzi chache za msuli zimekaza zisilegee, zikajinyima damu, na kwa kukosa damu zikazidi kukaza. Wako wengine wasemao kwamba kosa limo zaidi katika mishipa ya fahamu yenyewe, tena huonyesha kwamba madaktari wawili wakipapasa bega la mgonjwa mmoja, mara nyingi hawapati kifundo mahali pamoja. Ubishi huu ni wa haki, nao haujakwisha. Lakini jaribio la Kellgren halivunjwi na ubishi huo, maana iwe kifundo kipo au hakipo, maumivu ya msuli huhama.

Katika vijiji, kazi hii ya kupapasa ilijulikana kabla ya vitabu. Wako bibi ambao huletewa mtu mwenye kuumwa mkono, nao huanza kumkanda shingoni na nyuma ya bega, bila kuugusa mkono kwanza, na akiulizwa kwa nini, bibi hujibu tu kwamba ndiko uanziako. Mkono wa bibi kama huyo wastahili heshima kuliko wembe wa mchanjaji, ambaye hukata palepale panapolia, na pengine kwa wembe uliotumika kwa mtu mwingine, akampa mgonjwa ugonjwa ambao hakuja nao.

Namna ya kutuliza maumivu ya msuli haina siri kubwa. Kifundo hubonyezwa kwa kidole gumba polepole, bila ukali, mpaka msuli ulegee. Kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto na kukamuliwa huwekwa juu yake, naye mgonjwa huvaa nguo ya kuzuia baridi. Kisha msuli hunyoshwa. Kwa trapezi ya kulia, kichwa huinamishwa kushoto taratibu, mkono wa kulia ukining'inia. Lakini mkandaji hafai kitu kama kesho mtu atarudia kazi ile kwa namna ile ile. Mzigo wa kuni wagawanyika mara mbili. Mfuko unaoning'inia bega moja waweza kuhamishwa la pili. Jembe lenye mpini mrefu huinamisha mgongo kidogo kuliko la mpini mfupi. Mwanafunzi asomaye aweza kukiinua kitabu badala ya kukiinamisha kichwa. Na kwa kweli watu wengi waumwao mabega hupona kwa kupumzika peke yake, kama wangeweza kuupata huo muda wa kupumzika.

Hayo yote ni juu ya misuli. Lakini mtu wa Mafinga aweza kukosa katika jambo kubwa zaidi ya viazi.

Moyo nao ni msuli, na mishipa yake ya fahamu huingia katika uti wa mgongo karibu na mahali iingiapo ile ya upande wa ndani wa mkono. Mwaka wa 1768, William Heberden, daktari wa London, aliwaeleza wenzake juu ya wagonjwa waliobanwa kifua walipotembea, hasa walipopanda mlima, na mara waliposimama, maumivu yaliondoka. Aliona pia kwamba maumivu hayo mara nyingi hufika katika mkono wa kushoto. Wakati huo sababu haikujulikana. Siku hizi yajulikana kwamba ni msuli wa moyo ukosao damu, kwa kuwa mishipa yake imekuwa myembamba. Mtu mzima apandaye kilima, akabanwa kifua, maumivu yakashuka mkononi au yakapanda tayani, akatokwa na jasho la baridi na kuhema, huyo asikandwe wala asiambiwe kwamba amelalia bega vibaya. Apelekwe hospitali saa ile ile. Ni kweli kwamba misuli ya kifua ikichoka huweza kuiga maumivu hayo hata ikamtia mtu hofu bure. Lakini kuchagua kati ya moyo na msuli si kazi ya jirani. Ni kazi ya daktari mwenye chombo cha kupima mapigo.

Shingo nayo hudanganya. Mtoto mwenye homa kali na kichwa kinachouma, ambaye shingo yake imekakamaa hata hawezi kuinamisha kidevu kifuani, hana kifundo cha msuli. Yawezekana ni homa ya uti wa mgongo, nayo huua upesi isipotibiwa.

Ajabu kupita zote ni ya kiwambo. Kiwambo ni msuli mpana mwembamba utengao kifua na tumbo. Mtu avutapo pumzi, hushuka. Mtu angedhani mishipa yake ya fahamu hutoka katika mgongo karibu na mbavu. Sivyo. Hutoka shingoni, katika pingili ya tatu, ya nne, na ya tano, ikashuka kifua kizima kuufikia. Sababu yake ni hii: mtoto anapoumbwa tumboni mwa mama yake, kiwambo huanza kuumbika juu, karibu na shingo, na mwili unapokua hushuka mpaka mahali pake, kikiburuta mishipa yake nyuma kama ng'ombe aburutavyo kamba. Pingili hizo hizo ndizo zinazopokea habari za ngozi ya juu ya bega. Kwa hiyo kitu chochote kinachochoma kiwambo kutoka chini, mtu hukisikia begani. Jipu la ini, au ugonjwa wa kibofu cha nyongo, huweza kuuma bega la kulia, na bega lenyewe halina neno.

Upande wa kushoto, chini ya mbavu, kimelala kiungo kiitwacho wengu, laini, kilichojaa damu. Mtoto akianguka kutoka juu ya mti au kwenye baiskeli, akapigwa mbavu za kushoto, wengu huweza kupasuka bila jeraha lo lote kuonekana nje. Mtu aliyeugua malaria mara nyingi, kama watu wa nchi za joto kando ya Ziwa Nyasa, huweza kuwa na wengu mkubwa, na mkubwa hupasuka kwa pigo dogo. Damu humwagika tumboni, hugusa kiwambo, na mtoto hulia kwamba bega la kushoto lauma, hasa anapolala chali. Mkono wake wainuka, wazunguka, hauna ugumu. Mkandaji hubonyeza bega lote asione kifundo. Uso wa mtoto huwa mweupe, ana kiu, na mapigo ya mkono ni mepesi na ya haraka. Daktari akisikia kwamba mtoto aliyeanguka aumwa bega la kushoto lakini bega lenyewe ni zima, huliacha bega, na mkono wake wa kwanza huuweka juu ya tumbo.